Waya wa Banda Umepungua

Shoga, nimeumbuka.

Ule umeme wa banda la bustani. Fundi aliniambia, "Mwalimu, ongeza mita mbili za waya." Nikamjibu nafundisha hesabu, nimepima mwenyewe, mita kumi na nane kamili. Kamili!

Leo kaulaza waya mtaroni. Umepungua mita moja na sentimita ishirini.

Nilipima juu ya majani! Mtaro una kina cha sentimita sitini: waya unashuka sitini, unapanda sitini. Mimi, shoga. Mimi!

Kuunga waya ardhini fundi kakataa. Mama mkwe, ambaye cherehani yake inasubiri umeme humo bandani, akasema, "Basi banda lisogezwe. Mwalimu hakosei."

Tumelisogeza. Watu sita, mimi kona ya nyuma, nasukuma.