Chai ya Kijani na Vidonge vya Mama

Sokon I, Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umeamkaje huko Tukuyu? Na mvua hizi, bado mnachuma chai mmejifunika nailoni? Sisi huku hatujambo. Baraka ana meno manne na ananing'ata nayo yote.

Mama, naandika kwa sababu kwenye simu nikigusa habari ya vidonge unacheka, halafu unasema mtandao unakata. Barua haikati. Mdogo wangu Sekela atakusomea yote.

Ameniambia tangu nikutumie ile pakiti ya chai ya kijani umeacha vidonge vya presha. Kosa ni langu, niliisifia mno, kama muuza dawa wa stendi. Basi juzi nilipompeleka Baraka kliniki nikamuuliza nesi kama chai hii inatibu presha. Akanitazama. "Mwanangu, ulimtumia mama yako chai, au ulimtumia daktari kwenye pakiti?" Benchi zima likacheka, na Baraka naye akacheka.

Kisha akanieleza vizuri. Ni majani ya mti uleule unaochuma wewe, ila haya hupashwa moto mapema kabla hayajageuka rangi, ndiyo maana yanabaki na vitu vingi vinavyokinga mwili usichakae haraka. Mimi nimeelewa hivi: kama unavyopaka panga mafuta lisishike kutu. Huenda na moyo unafaidika kidogo. Lakini presha iliyokwisha kuingia haiondoki kwa kikombe cha chai. Kidonge ni kidonge, na umeze kwa maji.

Chai usiache. Mimi nakunywa saa kumi, saa unayotua kikapu, naona kama tumekaa wote. Mama mkwe aliposhuka kutoka Nkoaranga nilimpa, akaonja, akasema, "Mama Baraka, haya si maji ya mchicha?" Akatia maziwa.

Desemba tunakuja. Nataka umbebe huyu mjukuu wako mgongoni mpaka uchoke mwenyewe.

Nisalimie baba mdogo, bibi, na mama wenzako wa shambani.

Na wewe Sekela, hiyo bahasha ndogo niliyoibandika gundi ina picha ya Baraka amesimama, kashika kiti kwa mkono mmoja. Usimfungulie mama mpaka arudi kutoka zahanati na vidonge vyake. Atakubembeleza sana, namjua. Usikubali.

Mwanao anayekuwaza,
Atupele, Mama Baraka