Dirisha la Nyurgun

Terenti, siamini hadi sasa. Mama Aksinya ameziba dirisha la jikoni.

Ndiyo, lile lile la Nyurgun. Miaka minne tangu kijana huyo wa Mama apotee mawindoni, Sardaana bintiye anajaza pamba na kubandika karatasi madirisha yote kabla ya baridi kali, ila hilo anakatazwa. Ndilo alilokuwa akigonga kaka yake akirudi.

Leo Sardaana hakuligusa. Mama mwenyewe akaja na bakuli la gundi ya unga.

"Lete pamba."
"Mama, hata hili?"
"Unataka tugande? Linaingiza baridi tu, mwanangu. Hakuna kingine kinachopita hapo."

Ameliziba, Terenti. Kwa mkono wake. Kisha akapitisha kiganja ukingoni, asikie kama upepo bado unaingia.

Hauingii.