Mkosi wa Mashine ya Maji

Baba Hosiana,

Barua yako nimeipata. Mtoto hajambo, ameota meno mawili.

Unasema baridi hii ya Julai mashine ya kuvuta maji imegoma na duara lenu, shimo la dhahabu, limejaa maji. Nasikia pia mganga amewaagiza mkachinja mbuzi mweusi, damu mkainyunyizia kabureta. Namhurumia mbuzi.

Mwezi uliopita ulinifukuza hapo Rwamgasa mbele ya wenzako, eti mwanamke akiwa kwenye siku zake analeta mkosi kwenye dhahabu. Ulidhani mashine inajiamsha yenyewe? Kila alfajiri, kabla sijabandika uji wenu, mimi ndiye niliyekuwa nikimwaga maji yaliyotuama ndani ya kabureta, naweka choki ya kuwashia injini ikiwa baridi, navuta kamba mara mbili, na injini ikishapata moto natoa choki. Ninyi mlikuwa mnakoroma.

Unaniomba nirudi. Sirudi. Siri nimekupa bure, ijaribu kama mganga wako atakuruhusu.

Hapa Mwakitolyo nimeajiriwa kuwasha mashine, si kupika. Wanaume kumi na wawili hawashuki duarani mpaka niiwashe. Leo niko kwenye siku zangu, na inanguruma tangu alfajiri.

Mimi, mkosi wako,
Mama Hosiana