Karate, Judo na Kuinamiana

Mjukuu wangu Suleiman,

Marahaba. Bibi yako nasi sote hapa Jang'ombe tu wazima, alhamdulillahi.

Umeuliza uanze karate au judo, na ipi haina kuinamiana. Nilizicheza zote ujanani. Karate hufunza kupiga kwa mbali. Judo hufunza kwanza kuanguka, nayo humwondolea hofu anayeanza. Kuinamiana kumo katika zote mbili.

Nami nilikataa mbele ya darasa zima, nikasema rukuu ni ya Mola pekee, nikangoja kufukuzwa. Mwalimu, Mjapani, akauliza, "Kwenu mwasalimianaje, Sheikh?" Nikaweka mkono kifuani, nikamtolea salamu mwenzangu wa mazoezi. Mwenzangu akaitikia kikamilifu, kisha akanibwaga.

Anza judo, na umweleze mwalimu wako mapema, faraghani. Wangu sikumstahi hivyo, naye akanisikiliza.

Babu yako