Filamu Isiyo na Mkanda

6 Februari 1996

Mjomba mpendwa,

Nagusa miguu yako kwa heshima. Kiuno kinaendeleaje? Sisi nyumbani wazima.

Barua hii nimeificha chini ya chapati, maana Baba ndiye anayekuletea chakula. Mjomba, jina langu na la Tauqir yamebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya ndoa tangu tarehe mosi. Sheria inataka yakae siku thelathini, mwenye pingamizi aseme. Nawe unajua Baba huandikia watu barua za maombi palepale, kiti chake hatua tano kutoka ubaoni. Akisoma tu, Tauqir atavunjwa miguu, nami nitaozwa yule mgane wa Jhansi.

Lakini tangu uanze kuonyesha hiyo filamu ya binti wa kuhani wa Kihindu na kijana Muislamu kama Tauqir, Baba hajakanyaga ofisini. Kutwa yuko kwenye lango la sinema yako na wenzake, wakiipinga. Tafadhali usiiondoe.

Mpwa wako, Kumud

8 Februari

Kumud wangu,

Salamu zimefika, zimelowa mafuta ya bamia. Kiuno kibovu, mengine nashukuru.

Nilikuwa nimeshaandika tangazo la kuiondoa. Mimi si shujaa. Jiwe la kwanza lilinikuta nyuma ya mashine ya bisi, nimejikunja. Tangazo nimelichana. Sasa nalala chumba cha mitambo, kwani babako na wenzake wameapa nikitoka watanipaka masizi usoni.

Babako hupitisha chakula kwenye nondo za lango. "Kula, Bansi, dada yako asije akanilaumu." Kisha anawageukia wenzake: "Bansi msaliti!" Jana alirudi kuuliza kama achari ilitosha.

Mjomba wako, Bansidhar

27 Februari

Kumud,

U mzima?

Filamu imepigwa marufuku. Asubuhi askari wamebeba mikanda yote. Babako kavishwa shada la maua, na kesho anarudi kitini kwake, nanyi mnatia saini Jumatatu. Kwa hiyo nimepanda ngazi, nikabandika bango: FILAMU ITAENDELEA KILA SIKU MPAKA JUMATATU. Sina hata kipande cha mkanda. Babako na wenzake wamerudi mbio, tena wameongezeka. Safari hii wamelifunga lango kwa mnyororo wao, kwa nje.

Mjomba wako

4 Machi

Mjomba,

Miguu yako naigusa mara mbili. Tumetia saini saa nne. Anayekuletea chakula leo ni Mama. Alikuwa shahidi wangu. Sisi tunapanda treni ya Bhopal. Sasa toka humo.

Kumud na Tauqir

5 Machi

Wanangu,

Nawaombea afya na kitanda kisicholia.

Kumud, jana niliwaita babako na wenzake: ingieni mtazame wenyewe. Wakakata mnyororo, wakakuta pazia tupu na mimi. Masizi nilipakwa, angalau mvi hazionekani. Wenzake wakaondoka. Babako akabaki, akaketi safu ya tatu.

"Bansi, hii filamu mimi sijaiona."

"Najua, Shemeji."

"Huyo baba wa msichana, mwishowe anafanyaje?"

Nikamwambia sijui. Kila tukikaribia mwisho, wao walikuwa wanakata umeme.

Hajarudi nyumbani tangu jana. Dada yangu naye leo hakuleta chakula; nadhani anamkwepa. Mimi sijamwambia babako chochote kuhusu ndoa, naye hajauliza uko wapi. Lango liko wazi. Lakini kila nikinyanyuka ananishika mkono: "Keti, Bansi."

Nimeketi.

Mjomba wenu