Mwosha Hajibu Swali Hili

Msambweni,
Wilaya ya Kwale.
2 Machi, 1958.

Mpendwa mdogo wangu Sefu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakusalimu salamu za dada kwa nduguye aliye mbali. U hali gani na baridi ya huko Amerika? Kifua chako kimekaaje? Barua iliyopita ulisema unavaa soksi mbili mbili na bado vidole huvisikii. Nakuombea afya kila swala, maana huko huna mtu wa kukukanda maji ya moto.

Ukipenda kujua hali zetu, sisi twala na twalala. Mume wangu Boga hajambo, na korosho zimekwisha kuokotwa. Binti yangu Tumu ameng'oka meno mawili ya mbele, hasemi neno ila amefunika mdomo kwa kiganja. Mwezi mtukufu unakaribia na joto la kaskazi bado halijatuachia.

Arobaini ya mama imepita salama. Watu walikuja wengi, hata wa Mkongani. Mama mdogo Mwanaima alifika kutoka Majoreni akakaa juma zima akipanga vyombo vyangu apendavyo yeye, na mpaka leo natafuta upawa. Mimi sikulia, si siku ya maziko wala siku ya arobaini. Najua watu wamelisema, maana hapa kwetu mtu asipolia jirani humtafutia sababu. Ukweli ni kuwa sihisi kitu, Sefu. Nachota maji, nakuna nazi, naitwa naitikia. Ni kama mkono uliolaliwa, upo lakini ukiufinya ni wa mtu mwingine. Basi ndivyo nilivyo, nami nimezoea.

Barua yako imefika. Nawe wajua kwamba barua ya ng'ambo hapa kwetu si ya mtu mmoja. Mjomba Iddi, nduguye mama, aliisoma barazani baada ya swala ya Ijumaa, na sisi wanawake tukasikiliza nyuma ya mlango. Rambirambi zako alizisoma vizuri, akasita kidogo kujipangusa macho. Akasoma juu ya masomo yako, kwamba hiyo shahada ya pili si ya uandishi wa magazeti hivi hivi, bali ni ya kuandika habari za maradhi na afya peke yake, kwa lugha ambayo mtu wa kawaida ataielewa. Watu walifurahi. Mzee mmoja akauliza kama ukirudi utatoa dawa. Mjomba akamjibu kuwa utatoa habari za dawa, na yule mzee akasema basi ingekuwa afadhali apelekwe wa kutoa dawa yenyewe. Tulicheka, hata mimi nilicheka.

Kisha mjomba akafika kwenye maswali yako. Akaanza kuyasoma kimya, midomo ikicheza. Akakohoa, akaikunja barua, akasema, "Zilizobaki ni salamu." Jioni aliniletea jikoni, akaiweka juu ya kinu bila kunitazama, akaenda zake.

Nimeyasoma yote. Nimeelewa kwamba kazi yako kubwa ya kumalizia masomo ni juu ya wanawake wa pwani wanaoficha maradhi mpaka wakati unawapita, na kwamba umemchagua mama awe mfano, bila kumtaja jina. Nimeelewa pia kuwa mwalimu wako hapokei maneno ya kusikia. Anataka shahidi aliyeona kwa macho, na asipompata kazi yako itarudishwa na shahada itakupita. Shahidi mwenyewe ni mimi, kwa kuwa ndimi niliyemwosha mama.

Yale ambayo kila mtu aliyaona nakujibu. Mama alianza kupungua tangu masika ya mwaka jana. Kwanza aliacha kutwanga, akasema mchi umekuwa mzito. Baadaye akawa anajifunika leso tatu tatu, hata kwenye jua kali, na sisi tukamtania kwamba anataka kuonekana mke wa sharifu. Chakula alikionja tu. Hospitali alikataa. Nilimsihi mimi, akamsihi Boga, akamsihi mjomba. Alisema daktari ni mwanamume, na yeye hajavuliwa nguo na mwanamume asiye mumewe, hataanza uzeeni. Mara ya mwisho nilipomwambia alinijibu, "Niache nife na nguo zangu, mwanangu." Hilo liandike ukitaka, kwa kuwa alilisema mchana mbele ya watu.

Swali lako la mwisho, la nilichokiona mwilini mwake, sitalijibu.

Wewe ni mwanamume, hujapata kuingia chumba cha maiti ya mwanamke, basi nikueleze. Bi Mwanasiti, ambaye ameosha karibu wanawake wote wa mtaa wetu, alinisimamisha mlangoni kabla hatujaingia, mimi nimeshika ndoo na majani ya mkunazi. Akaniambia, "Utakachokiona humu utakiacha humu. Ukiona nuru usoni, toka ukaseme. Ukiona jingine, wewe huna macho." Nikaitikia. Tukamwosha mama chini ya shuka, yeye akimwaga maji, mimi nikipitisha kitambaa kwa mkono, polepole, kama anavyooshwa mtoto. Ahadi ile niliitoa kwa ajili ya mama, naye hayupo wa kunisamehe nikiivunja.

Usidhani sikufikiri. Nimeifikiri sana shahada yako, na jinsi mama alivyokuwa akilitaja jina lako kisimani tangu ulipoingia Makerere, mpaka wenzake wakawa wanamkimbia. Nimewafikiri na hao wanawake utakaowaandikia, kwamba pengine yupo mmoja ambaye habari hii ingemfikisha hospitali mapema. Nikaenda kwa Bi Mwanasiti kumuuliza kama kwa sababu kama hiyo mwosha anaweza kusema. Nilimkuta anachagua mchele. Hakunikasirikia. Alisema, "Mungu kamsitiri, mwanangu. Wewe nani umfunue?" Kisha akaniuliza kama nimekula, akanipa muhogo wa nazi, nikala.

Wala mimi sikukasirikii, Sefu. Najua ulimpenda, na najua kuuliza kwako ndiko kuwapo kwako, maana hukuwahi kumzika. Lakini nilipolisoma swali lile niliona kama mtu mgeni ameingia chumbani na kalamu wakati shuka limefunuliwa. Liliniuma kwa muda mfupi, kisha likanyamaza pamoja na mengine.

Sasa nakuambia jambo jingine, na hili halimhusu maiti. Siku chache baada ya arobaini nilikuwa naoga uani. Mkono wangu ulipita kifuani na sabuni, ukasimama wenyewe. Ulikitambua ulichokigusa kabla mimi sijakitambua. Ni titi la kushoto, upande wa chini. Kuna kitu kigumu, kadiri ya korosho, hakiumi, na nikikisukuma hakisogei. Nilijimwagia maji, nikavaa, nikaenda kupika.

Wewe umefundishwa kuunganisha mambo. Nakuomba hili usiliunganishe na lolote. Hili ni langu. Mwili huu bado nauosha mwenyewe, na siri yake ni yangu, nami naitoa. Nilidhani nitaona aibu kumwandikia ndugu yangu mwanamume maneno ya namna hii, lakini aibu haikuja. Hakuna kinachokuja, ila nikimsikia Tumu anaita "mama" kutoka uani, hapo naogopa. Naogopa sana, Sefu, kisha napoa tena.

Waulize walimu wako wanaojua. Kitu hiki kikikatwa, mtu huishi? Kikishakatwa hurudi? Mtu aweza kufunga Ramadhani akiwa nacho? Nijibu kwa lugha ya mtu wa kawaida, kama ulivyosema ndiyo kazi unayoisomea. Majibu yatie katika bahasha ya peke yake, uandike jina langu juu, mjomba hataifungua. Na ukitaka shahidi wa kumpelekea mwalimu wako, unaye. Mwambie mwanamke wa Msambweni ameona kwa macho yake na kugusa kwa mkono wake, yu hai, na aulizwe lolote atajibu. Mimi usinifiche. Jina langu liandike lote.

Boga nitamwambia leo akirudi shamba. Najua ataniuliza kama kuna chai, ndivyo alivyo akishtuka. Kesho Jumatatu nitakwenda hospitali. Nimekwisha kuuliza, daktari ni mwanamume. Nitavua.

Mjomba Iddi anakusalimu, na hataki nikuambie kwamba baada ya barua yako alilia nyuma ya nyumba. Bi Mwanasiti anakusalimu. Mama mdogo Mwanaima alikuachia salamu nyingi, na maneno marefu juu ya kuoa ambayo nimeyapunguza. Boga asema ukirudi umletee kofia ya huko, na Tumu ataka picha ya theluji ili aone kama kweli ni nyeupe.

Mungu akulinde na baridi na watu wabaya, akufungulie masomo yako, akurudishe kwetu u mzima. Kazi yako ukiimaliza, iandike na kwa Kiswahili, uniletee. Mjomba asinisomee. Nataka kuisoma mwenyewe, nikiwapo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo kama jana,

Mwanarusi