Tausi wa Mama Neema

Alhamisi jioni, Bonga

Leo nilidhani nimempoteza Neema wangu wa kidato cha kwanza. Anakuja kwangu tuisheni, ila kazi yetu kubwa ni kumzoeza kupanga vitu vyake. Kila siku anasahau daftari moja, maana yote yana kava la kaki, yanafanana kama matofali. Juzi nikamwambia alivalishe kila daftari kitambaa chake.

Mimi nilimaanisha vibaki vya kwa fundi cherehani. Yeye akakata kitenge kipya cha mama yake, chenye tausi mkubwa. Alikamatwa kabla hajalivalisha daftari la Historia.

Basi Mama Neema akaja naye kwa bodaboda kutoka Mutuka, kashika kipande kilichobaki.

"Mwalimu, ni wewe uliyemtuma?"

Nikamwambia Neema ayatoe madaftari. Tena yote kitenge kilekile! Sasa nani atayatofautisha?

Neema, machozi yakimlengalenga, akaanza kuyapanga mezani. Kichwa ni Hisabati, shingo ni Kiswahili, bawa ni Jiografia... Tausi akaungana, ila chini palikuwa na pengo.

Mama yake akainama kutazama. "Na miguu iko wapi?"

"Mungu wangu, Baiolojia! Nimeiacha kwenye dawati."

Muhula mzima nimengoja huyu mtoto ajue alichosahau kabla sijamwuliza.

Mama Neema akakiweka kile kipande mbele yangu.

"Haya, nipe mkasi," akasema. "Historia haiwezi kubaki uchi."